Binti wa Msuka Mota na Mitihani Miwili

Anayeuza vitabu vya mtihani mwezi wa Februari ama kaviiba, ama kashindwa. Rachappa alikuwa kaishi kwa kanuni hiyo tangu enzi za kuokota karatasi kwa gunia katika mitaa ya mji wa Dharwad, hadi alipojipatia kibanda chake ubavuni mwa ukuta kule Saptapur, mbele ya uchochoro wenye vituo vya tuisheni vingi kuliko maduka ya mchele. Vitabu huja Mei, mitihani ikishapita, kwa bei ya kutupa. Vitabu hutoka Juni, masomo yanapoanza, kwa bei ya mwenye kibanda. Katikati ya hapo ni kupangusa vumbi na kunywa chai.

Kwa hiyo siku ile ya Februari, binti mmoja aliposhusha gunia zito kutoka kwenye baiskeli, Rachappa hakulitazama gunia. Alimtazama binti. Alikuwa na msuko mmoja mrefu wenye mafuta, na macho ya mtu ambaye ameshapiga hesabu zake njiani.

"Umeviiba, mama?"

"Jina langu liko ukurasa wa kwanza wa kila kitabu, bamdogo. Mwizi gani anaandika jina?"

"Mwizi aliyesoma."

Rachappa alikifungua kimoja. Netravati Kammar, mwandiko ulionyooka. Vilikuwa vile vitabu vyekundu vya kituo kikubwa kuliko vyote pale uchochoroni, visivyouzwa dukani, wanavyopewa waliolipa ada tu. Vilikuwa vya mtihani wa taifa, ule wa kuingilia vyuo vikuu vya uhandisi vya serikali kuu, ambao wazazi wa Dharwad huutaja kwa sauti ya kutajia hekalu. Moyo wa Rachappa ulipiga teke, lakini uso wake ulibaki kama ukuta aliouegemea.

"Kurasa zingali ngumu. Hukusoma."

"Nimesoma. Kwetu kitabu hakilaliwi."

"Kitabu ambacho hakijalowa machozi nakinunua kwa kilo."

"Sawa," alisema Netravati, akaanza kuifunga kamba ya gunia. Aliifunga polepole, fundo moja, akalifungua, akalifunga upya. Rachappa alilijua fundo lile. Ndilo alilokuwa akilifunga yeye mwenyewe ujanani, akisubiri aitwe.

"Ngoja. Unataka ngapi?"

"Sitaki pesa. Nataka karatasi zote za mtihani wa jimbo ulizonazo, za miaka yote ya nyuma. Na vitabu vya serikali vya darasa la kumi na mbili: Fizikia, Kemia, Hisabati."

"Vitabu vya serikali hata mbuzi wa stendi hawavitaki."

"Basi havitakuuma kunipa."

Hapo Rachappa alipaswa kuinyakua biashara na kunyamaza. Alikuwa anapewa ng'ombe kwa bei ya kwato. Lakini bei nzuri kupita kiasi humwasha mfanyabiashara kama upupu, akauliza kwa nini.

Netravati alimweleza akiwa amesimama, kama anayejibu swali la darasani.

Kwao ni Navalgund, kwenye udongo mweusi wa pamba na pilipili. Baba yake, Mounesh, ni fundi wa kusuka mota za pampu. Visima virefu vikianza kukauka wakati wa kiangazi, pampu hulazimishwa, mota huungua, na wakulima humletea mzee Mounesh mota zinazonuka moshi. Netravati alikua ameshika kibiringo cha waya wa kopa, baba yake akivuta, naye akilegeza. Alisoma shule ya kijijini, kwa Kikannada, lugha ya jimbo, mpaka darasa la kumi, akawa wa kwanza katika wilaya nzima. Kituo cha vitabu vyekundu kikaja na gari hadi mlangoni. Wakampunguzia ada, wakaweka picha yake kwenye bango, na mkurugenzi akamwambia fundi, mbele ya majirani, kwamba binti huyu ni wa vyuo vya taifa, labda mbingu zianguke.

Kumbe kila Jumapili kulikuwa na jaribio, na kila Jumatatu wanafunzi walipangwa upya viti kwa alama zao. Netravati alianzia safu ya mbele. Mwaka wa kwanza ulipokwisha alikuwa katikati. Mwaka wa pili alihamishiwa chumba kingine kabisa, chenye feni mbovu na mwalimu anayebadilika. Januari akaufanya mtihani wa taifa, duru ya kwanza. Matokeo yalipotoka, mbele yake walikuwepo watu wa kujaza miji kadhaa.

"Kuna duru ya pili Aprili," alisema Rachappa, ambaye aliijua kalenda ya mitihani kama mkulima anavyojua mvua.

"Ipo. Na wiki hiyohiyo, siku chache tu mbele, kuna mtihani wa jimbo, wa kuingilia vyuo vya hapa kwetu. Na Machi kuna mtihani wa bodi, wa kumalizia shule, ambao hakuna mtu kituoni anayeufungulia kitabu, kwa sababu mtihani wa taifa hauhesabu alama za bodi, unataka tu uvuke mstari. Lakini jimbo linahesabu. Nusu ya nafasi yangu inatoka kwenye bodi, nusu kwenye mtihani wenyewe. Tena jimbo lina fungu la nafasi za waliosoma vijijini, na fungu la waliosoma kwa Kikannada. Mimi nipo kwenye yote mawili. Kule taifani, bamdogo, mimi ni mtu wa nyuma kabisa kwenye foleni. Huku nina mlango wangu."

"Na baba yako anajua umeuchagua mlango huo?"

"Atajua ikishakuwa habari njema."

"Ikiwa mbaya?"

"Habari mbaya haihitaji kusindikizwa."

Rachappa alimpa alichotaka, akamwongezea kalamu ya wino mweusi, maana mtihani wa jimbo bado ulijibiwa kwa kupaka viduara vya karatasi kwa kalamu, si kwa kompyuta. Netravati aliijaribu kwenye kiganja, akaona ina wino, ndipo akaondoka. Rachappa alilisukuma gunia chini ya meza na kuagiza chai ya pili, jambo alilolifanya siku za faida tu.

Wiki haikuisha. Kituo kilimpigia simu fundi kuuliza kwa nini binti haonekani darasani, na fundi akapanda basi la kwanza. Alikuja kibandani akiwa na binti yake nyuma, hatua tatu, kichwa kimeinama lakini taya limekaza. Mounesh alikuwa mtu mfupi, vidole vimechanjwachanjwa na waya, shati limechomwa na asidi mahali mahali.

"Wewe ndiye Rachappa?"

"Ndiye. Karibu ukae, fundi."

"Sikuja kukaa. Umenunua vitabu kwa mtoto. Mtoto akikuuzia nyumba utanunua?"

"Ikiwa na jina lake ukurasa wa kwanza, nitaifikiria."

"Virudishe."

"Nitavirudisha," alisema Rachappa. "Lakini, kaka, bei ya anayeuza si bei ya anayetaka. Hilo wewe unalijua. Mkulima akija na mota yake Novemba unamwambia bei moja, na akija Aprili pamba imenyauka unamwambia nyingine."

"Mimi simwongezei mtu mwenye shida."

"Basi ndiyo maana unapanda basi na mimi nakaa kivulini."

Fundi alitaka kucheka, akajizuia. Akamgeukia binti yake. "Nimewaambia watu, Netra. Stendi nzima ya Navalgund inajua. Mjomba wako ananiita baba wa chuo cha taifa, ananisalimia hivyo kwa kejeli, na mimi naitikia. Sasa nikamwambie nini? Kwamba umeuza vitabu kwa mwokota karatasi?"

"Mfanyabiashara wa karatasi," alisema Rachappa.

"Fanya yote mawili," fundi aliendelea, sasa sauti yake ikiwa chini, karibu ya kuomba. "Nani kakuambia uchague? Soma huu, soma na huu. Siku zina masaa."

Netravati aliinua kichwa. "Baba, nikuulize jambo la karakana."

"Uliza."

"Wateja wawili wamekuletea mota zilizoungua, jioni moja. Mmoja ni wa shamba kubwa, mota ya nguvu nyingi, imeungua mpaka chuma, na waya ulionao hautoshi. Mwingine ni wa bustani ya pilipili, mota ndogo, imeungua upande mmoja. Maji yanatakiwa asubuhi. Mikono unayo miwili tu. Utasuka ipi?"

Fundi alikunja vidole, akipima waya.

"Au utasuka nusu ya hii na nusu ya ile?"

"Mota haisukwi nusu," alisema fundi, kwa mazoea, kama mtu anayeulizwa jina lake. Kisha akalisikia alilolisema. Alikaa kwenye benchi aliyokuwa ameikataa.

Muuza bajia wa jirani, Basamma, aliyekuwa akisikiliza huku akigeuza pilipili kwenye mafuta, aliwaletea sahani bila kuagizwa. Bajia ya kwanza ikaliwa.

"Ungeniambia mimi kwanza," fundi alisema mwishowe.

"Ungesema fanya yote mawili."

"Ningesema. Ndiyo." Alijifuta vidole. "Lakini sikiliza na mimi. Mtu hatupi waya wa zamani kabla mota mpya haijazunguka. Hivi vitabu visiuzwe. Vikae hapa mpaka ile duru ya pili ipite. Ukibadili nia, uvikute."

Wote wawili walimtazama Rachappa. Rachappa alishika kifua kana kwamba kachomwa.

"Mnanigawana kama halua ya peda. Kuna mzazi wa Gadag ana mtoto wa duru ya pili, anatafuta vitabu hivi kama maji. Aprili ikipita, ni nani atavitaka kabla ya Juni? Nivikalie kwa mapenzi ya nani?"

"Una nini kilichoungua?" aliuliza fundi.

Lilikuwa swali la mtu wa kazi. Rachappa alikuwa na pampu ya kisima, ya ua wenye nyumba tano, iliyokufa tangu sikukuu ya Dipawali. Wanawake wa ua ule walikuwa wakibeba ndoo na kumtazama yeye, kwa sababu zamu ya kuitengeneza ilikuwa yake. Mke wake alikuwa ameacha kumsemesha mambo mengine.

"Nina pampu," alisema.

"Ilete."

"Na usafiri wa kuipeleka?"

"Nitaibeba mwenyewe, kwa basi. Kwa waya mpya, si wa kuchakachua."

Wakapeana mikono. Rachappa, kwa kawaida yake, aliuongezea mkataba mkia: "Na feni ya mezani." Fundi akaikubali na feni.

Machi ikaja na joto lake. Netravati aliufanya mtihani wa bodi kwa vile vitabu visivyoliwa na mbuzi, akatoka chumba cha mtihani kila siku na uso wa mtu aliyekuta maswali ya nyumbani kwao. Jioni alipita kibandani kubadilisha karatasi za majaribio. Mzazi wa Gadag alikuja mara mbili. Mara ya pili alitaja bei iliyomfanya Rachappa ashike ukingo wa meza.

"Vimeshachukuliwa," Rachappa alimwambia.

"Naviona hapo chini."

"Unaona gunia. Vilivyomo si vyangu."

Mzazi wa Gadag alipoondoka, Basamma alisema, "Leo umekuwa mtakatifu, Rachappa. Tukuletee maua?"

"Niletee chai. Na usiniongezee maneno, yanapanda bei." Nyumbani kwake maji yalikuwa yanatoka bombani, na mke wake alikuwa anaongea tena. Aliyapima hayo mawili na bei ya mzazi wa Gadag, mzani ukagoma kulala upande wowote.

Duru ya pili ya taifa ilikuja na kupita. Siku ile Netravati hakwenda. Alikaa hosteli akisoma Kemia ya jimbo, na baba yake, Navalgund, alisuka mota tatu bila kupumzika wala kupita stendi.

Kisha ukafika wenyewe, mtihani wa jimbo. Siku ya mwisho fundi alikuja, akasubiri kwenye benchi ya kibanda tangu asubuhi, bajia imepoa mkononi. Netravati alitokea alasiri akikokota baiskeli, haipandi.

"Vipi?" fundi aliuliza.

"Fizikia nzuri. Kemia nzuri."

"Hisabati?"

Alikaa. Alikiangalia kidole gumba chake kilichopakwa wino. "Muda uliniishia. Kengele ya dakika za mwisho ilipolia, kulikuwa na viduara havijapakwa. Dazeni na zaidi. Mwenzangu wa kulia alikuwa anapaka tu, hasomi hata swali, anashuka navyo kama anapiga chapa. Na alikuwa na haki. Jimbo halikati alama kwa jibu baya. Ukibahatisha hupotezi kitu."

"Kwa hiyo ukapaka," alisema Rachappa.

"Nilishika kalamu. Nikaiweka juu ya kiduara. Mkono ukakataa, bamdogo."

Rachappa alielewa kabla fundi hajaelewa. Kwenye mtihani wa taifa, jibu baya linakula alama ulizokwisha kupata. Kituo cha vitabu vyekundu kilikuwa kimewafundisha watoto hilo kwa miaka miwili, kila Jumapili: usilolijua usiliguse. Aliyegusa na kukosa alisimamishwa mbele ya darasa siku ya Jumatatu. Netravati alikuwa ameubadilisha mtihani na vitabu. Mkono tu ndio haukuambiwa.

"Nilijua," alisema. "Nilijua kabisa kwamba hawakati. Nilikaa nikaangalia viduara vitupu mpaka wakaikusanya karatasi."

Mtu mwingine angegomba. Fundi aliichukua ile kalamu kutoka mfuko wa binti yake, akaifunga kifuniko, akairudisha. "Mimi nilipoacha kazi kwa bwana wangu wa kwanza," alisema, "nilisuka mkono wa kushoto mwaka mzima, kwa sababu mashine yake ilikuwa ya mkono wa kushoto. Yangu ilikuwa ya kulia. Kula bajia."

Matokeo yalitoka Mei ikiisha. Alama za bodi zilimbeba, za hisabati zikamvuta miguu. Kwa fungu la kijijini na la Kikannada alipata nafasi kwenye chuo cha serikali, mbali, safari ya usiku mzima kwa basi, ada nafuu. Lakini elektroniki, aliyoitaka tangu aliposhika kibiringo cha waya, ilijaa watu wachache tu kabla yake. Wachache kiasi kwamba majibu matatu au manne ya kubahatisha yangetosha. Alipewa uhandisi wa ujenzi. Aliwaza siku mbili, akakubali siku ya tatu.

Navalgund, mjomba alimsalimia fundi stendi kwa jina lake la kejeli. Fundi akamjibu, "Punguza taifa. Sema baba wa chuo." Mjomba alikuwa na binti aliyefanya mitihani minne na kukosa yote, kwa hiyo neno lilipungua, na baada ya muda halikutajwa tena. Lakini fundi alikuwa ameizoea ile salamu na sasa aliikosa, na Netravati aliona kwamba siku hizi baba yake hupitia njia ya nyuma ya stendi.

Kwa Rachappa hasara ilikuja Juni, saa ya faida. Kituo kikubwa kilibadilisha vitabu: rangi ya bluu, sura zimepangwa upya, namba za maswali tofauti. Gunia jekundu chini ya meza likawa mzoga. Wanafunzi walikifungua kimoja, wakalinganisha na cha kwao, wakakirudisha kwa vidole viwili. Alimuuzia Basamma vyote kwa kilo, na kwa msimu mzima watu wa Saptapur walikula bajia za pilipili zilizofungwa kwa maswali ya mtihani wa taifa.

Netravati alirudi siku moja kabla ya kuondoka, na furushi. Zilikuwa karatasi za mtihani wa jimbo, zote, na vile vitabu vya serikali, sasa vimelegea mgongo.

"Hivi vimelowa machozi," alisema. "Kwa hiyo si vya kilo."

"Vimelowa mafuta ya bajia. Naiona alama."

"Hayo ni ya kibandani kwako, hayanipunguzii mimi bei. Nitakwambia ninachotaka." Alinyoosha kidole juu ya rafu ya nyuma. "Ile rula ya kuchorea, yenye mikono ya kukunja. Mwaka wa kwanza wanaitaka."

"Ile ni chuma cha kweli. Ile haiendi kwa karatasi."

"Pamoja na ubao wake."

"Ubao una mteja."

"Na bomba la kuwekea michoro, lile jeusi."

Rachappa alimkazia macho. "Unajua kwamba hupati vyote vitatu."

"Sijui," alisema Netravati. "Ila kuuliza hakukati alama."

Basamma alicheka mpaka akaunguza karai zima la pilipili. Rachappa aliigeuza rula mkononi, akaikunja na kuikunjua. Juni ijayo karatasi za jimbo zingeuzwa, maana jimbo halibadilishi rangi. Ubao kweli ulikuwa na mteja, wa kesho au keshokutwa. Bomba halikuwa na mteja tangu alipolinunua.

"Rula na bomba," alisema. "Ubao utanunua huko, ni mbao tu. Na baba yako akipita, feni inalia tena."

"Nitamwambia," alisema, akaanza kuifunga kamba ya furushi lake, haraka, fundo moja tu.